Rangi Chini ya Bolti

Maji yalipoondoka yaliacha mstari. Ulipita kwenye kuta za vyumba vyote vya bondeni, umenyooka kama uliopigwa kwa kamba ya mwashi, na kila kilichokuwa chini yake kilikuwa na harufu moja, ile ya nguo iliyosahauliwa ndani ya ndoo. Kwenye pikapu ya Mama Hamahama mstari ulipita juu kidogo ya kiti cha dereva. Alipofungua mlango, maji yalitoka taratibu, kama mgeni asiye na haraka ya kuaga, na nyuma yake ikatoka kandambili moja isiyokuwa ya mtu yeyote wa nyumba ile.

"Ya nani hii?" aliuliza.

Akaitundika kwenye kioo cha pembeni, mwenyewe akipita aione. Kisha akakunja mikono ya gauni, akachukua karai, akaanza kuchota tope.

"Pole, mama. Ya kumwagika hayazoleki," jirani mmoja alimwambia.

"Haya hayakumwagika," alijibu bila kuinua kichwa. "Haya yameingia. Yaliyoingia huchotwa."

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa ulimwita Mama Hamahama kwa sababu ya kazi yake: alihamisha watu. Aliyepata chumba cha nafuu, aliyegombana na mwenye nyumba, aliyeoa, aliyeachwa, wote walipita mikononi mwake, vitanda vyao vikiwa vimefungwa kamba nyuma ya pikapu ile ya buluu. Nyumba ikiwa imepangwa ina adabu yake. Ukiitoa nje juani, kipande kwa kipande, huonekana ilivyo: kabati lisilo na mgongo, kiti kilichoungwa kwa waya, kioo kilichopasuka ambacho mtu amekivumilia miaka kwa sababu nusu iliyobaki ilimtosha uso. Yeye aliyaona yote hayo na hakuwahi kusimulia hata moja. "Dereva ana macho ya mbele," alikuwa akisema. "Mzigo uko nyuma."

Pikapu haikuwa yake tangu mwanzo. Mumewe alikuwa mpaka rangi, wa majumba na mageti na madirisha ya chuma, na waliinunua ikiwa imeshachoka mikononi mwa wengine ili ibebe ngazi na makopo. Mke ndiye aliyekuwa akikoroga rangi na kufungua skrubu. Mumewe alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja hata pale mwenye nyumba alipokuwa akimharakisha: hakupaka rangi kuzunguka bawaba wala kuzunguka bolti. Aliifungua, akapaka chini yake, akasubiri pakauke, ndipo akairudisha. "Kutu ni mwizi," alimwambia mkewe. "Haingii pale unapopaangalia."

Kifua kikamwondoa mumewe, pole pole, kama rangi inavyokauka kwenye kopo lililoachwa wazi. Arobaini haijatimia, shemeji zake walikuwa wanaizunguka pikapu, mikono nyuma, wakiulizana nani ataichukua. Aliwasikia kupitia dirishani. Akaufunga ufunguo kwenye pindo la kitambaa chake cha kichwa na hakuufungua mpaka walipochoka kuuliza. Kuendesha hakujua. Alijifunza kwenye uwanja wa mpira, asubuhi, akaangusha mlingoti mmoja wa goli, na kwa muda mrefu timu ya mtaa ilicheza goli moja likiwa la mti na jiwe. Alipoweza kurudi nyuma bila kuangusha kitu, akapakia kitanda chake, sufuria zake na makopo ya mumewe, akatoka kwenye vyumba vya ukweni. Nyumba ya kwanza aliyoihamisha ilikuwa yake. Akiteremsha kitanda mbele ya chumba cha bondeni, alisema neno ambalo mtaa ulilishika kama methali: "Kuanzia leo nahamisha. Sihamishwi."

Ndiyo maana mwanawe mkubwa alipokuja baada ya mafuriko, alikuja akiwa amejiandaa kama anayekwenda mahakamani.

Alikuwa karani wa ghala upande wa juu wa mji, mtu mpole, wa mashati yaliyopigwa pasi. Alisimama mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na kiti kikavu.

"Mama, chumba kiko tayari. Mkweo ameshatoa vitu vyake."

"Nani aliyemtuma kutoa vitu vyake?"

"Hakuna aliyemtuma. Anakupenda."

"Nami nampenda. Ndiyo sababu sitaki kumlalia kwenye chumba chake cha vitu."

Kijana aliutazama mstari wa tope ukutani, ulivyopita juu ya meza, juu ya mto wa kitanda. "Maji yatarudi, Mama."

"Yakirudi yatanikuta na karai."

"Na kazi utaifanya kwa gari gani? Hilo limekufa. Gari la mafuriko halina dawa, kila mtu anasema."

"Kila mtu amekuwa fundi?"

Kijana alikuwa anamjua mama yake. Kumsukuma ni kusukuma ukuta, na kumvuta ni kuvuta ukuta. Alichobakiwa nacho ni kupatana naye.

"Basi tukubaliane," alisema. "Jumamosi, si hii, ile nyingine, nakuja na lori la kukodi. Nikikuta gari linatembea, narudi na lori langu tupu, na neno la kuhama hutalisikia tena kinywani mwangu. Lisipotembea, unapanda na vitu vyako."

"Naam."

"Litembee kwa injini yake. Si kwa kusukumwa na mashabiki wako."

Mama Hamahama alicheka kwa mara ya kwanza tangu mafuriko. "Nitakupigia na honi," alisema, wakashikana mikono kama wafanyabiashara.

Akaanza siku ile ile. Fundi wa injini wa mtaa wa pili alimwaga mafuta yaliyochanganyika na tope, akasafisha, akatia mengine, akazungusha injini kwa mkono na kutega sikio. "Moyo wake mzima," alisema. "Sasa ni mishipa. Umeme si kazi yangu." Mama Hamahama akamshukuru, akaipandisha pikapu kwenye matofali ili upepo upite chini, akafungua milango yote. Alipolala chali kuangalia uvungu, akaona kutu imeshaanza, nyekundu, kama upele.

Juu ya rafu, palipo juu ya ule mstari, lilikuwepo kopo moja la mumewe ambalo halijafunguliwa: rangi ya mafuta, nyeusi, ya mageti. Lilikuwa limekaa pale muda wote wa ujane wake. Hakuna aliyeambiwa sababu ya kulitunza, na huenda sababu yenyewe haikuwepo, ila kwamba mkono uliolileta haupo tena. Alilifungua kwa bisibisi. Ngozi ya juu ilikuwa ngumu. Chini yake rangi ilikuwa hai, inang'aa. Akakoroga mpaka kiwiko kikauma. Akaisugua kutu yote, akapaka chasisi nzima na chini ya bodi, na alifanya alivyofundishwa: kila bolti ndogo iliyoshika ncha ya waya kwenye chuma aliifungua, akapaka chini yake, akachovya hata nyuzi za bolti, akasubiri jua lifanye kazi yake, akairudisha na kuikaza kwa nguvu zote. Alipomaliza, uvungu wa gari lile ulikuwa mzuri kuliko uso wake. Alilala pale akiutazama kama mtu anayetazama dari la nyumba yake mwenyewe.

Mizani alimkuta bado amelala chini. Mizani alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na jina lake lilitokana na chombo alichotembea nacho begani. Alikuwa akipita tangu maji yaondoke, akigonga friji za watu kwa kidole.

"Mama mkubwa," alisema, akainama kuchungulia, "unampaka maiti wanja?"

"Wewe nani kakualika mazishini?"

"Sijaalikwa. Napita tu. Chuma nakichukua kwa uzito, lakini rangi siihesabu."

"Hapa hakuna mazishi, baba. Rudi Jumamosi ile nyingine, uone."

"Nitakuja na mizani."

"Njoo nayo. Inaonekana imekuchosha bega, nitakuhamishia."

Fundi wa umeme wa magari aliyeaminika kuliko wote alikuwa na kiwanja chake nyuma ya kinu cha kusaga nafaka: ardhi iliyokunywa mafuta mpaka ikawa nyeusi, paa la mabati juu ya nguzo, na ukuta uliojengwa kwa maboneti ya magari yaliyokwisha. Walimwita Fyuzi, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Alikuwa mtu wa kukatika upesi. Pikapu ililetwa kwake kwa kamba, ikivutwa na lori la mchanga, kamba imefungwa kwenye ndoano ya nyuma kwa kuwa ya mbele ilikuwa imepinda. Kwa hiyo iliingia kinyumenyume, mama akiwa ameshika usukani na kutazama alikotoka.

Fyuzi alikuwa na desturi yake kuhusu magari ya mafuriko. Hakugusa gari kama hilo mwenye gari asipokuwepo. Na kuwepo hakukuwa kukaa kwenye benchi. Mwenye gari alikuwa ndiye mshika taa. Akishika kile kitaa cha kupimia, balbu ndogo yenye kibanio upande mmoja na ncha kali upande mwingine, akaona kwa macho yake wapi umeme upo na wapi haupo, basi hawezi kesho kurudi akisema fundi ameniharibia. "Gari la maji lina ndimi nyingi," alisema. "Leo linasema taa, kesho linasema starta. Sitaki kuwa shahidi peke yangu." Desturi ya pili ilikuwa swali, na aliliuliza kabla ya kufungua sanduku la vifaa.

"Nani ameligusa kabla yangu? Nataka ukweli. Mwenye gari akinidanganya, nafunga sanduku, sifungui tena."

"Hakuna fundi aliyeugusa umeme wake," Mama Hamahama alijibu, na aliona kuwa amesema kweli.

Wakafanya kazi. Walichomoa kila soketi, na ndani ya kila moja shaba ilikuwa imeota ukungu wa kijani. Mama alisugua kwa mswaki uliochovywa kwenye spiriti. Fyuzi alikata nyaya zilizooza na kuunganisha mpya. Kisanduku cha fyuzi kilipogeuzwa kilimwaga tope jembamba na konokono mdogo aliyekufa.

"Huyu ndiye aliyekuwa anakula umeme," Fyuzi alisema.

"Mpelekee bili," alijibu mama, na fundi, ambaye hakuwa na mazoea ya kucheka kazini, alicheka mpaka akaweka koleo chini.

Starta ilifunguliwa, ikaoshwa, ikafungwa. Betri ikajazwa chaji. Fyuzi alipita chini ya gari kwa kurunzi, akavuta kwa kidole kila ncha ya waya iliyofungwa kwenye chasisi. Hakuna iliyotikisika.

"Hizi ziko imara," alisema kutoka chini. "Aliyezikaza alikuwa na mkono."

Mama Hamahama alisikia raha ikimpanda kifuani, akaitunza kimya.

Walipowasha, mafundi wote wa kiwanja wakaacha kazi zao. Ufunguo ulipozungushwa injini ilisema tik, ikanyamaza. Alipokanyaga breki, waipa zikaamka na kupiga kioo kikavu. Alipowasha taa kubwa, taa za dashibodi zikafifia kama macho ya mtu anayesinzia. Alipoweka kiashiria cha kushoto, honi ikalia.

"Mama," mchomeleaji mmoja alipaza sauti, "hilo ukitaka kusimama linakupungia mkono wa kwaheri."

"Linakuaga wewe," alimjibu. "Mimi naondoka nalo."

Lakini aliporudi kuketi kwenye tairi, alihesabu kwa vidole siku zilizobaki kufika Jumamosi.

Fyuzi alimweleza bila kejeli. "Umeme ukienda lazima urudi. Unatoka kwenye betri, unafanya kazi kwenye taa, halafu unarudi kwa kupitia chuma cha gari lenyewe. Ukikosa njia ya kurudi hautulii. Unapita kwa jirani. Ukipita kwenye waipa, waipa inaamka. Ukipita kwenye honi, honi inalia. Hili umeme wake unapita uani kwa watu."

"Na njia yake imezibwa wapi?"

"Ndicho ninachotafuta."

Akatafuta siku baada ya siku. Alibadilisha swichi, akabadilisha nyaya ambazo hazikuwa na kosa. Gari lilibadilisha wazimu tu; likaacha hili, likashika lile. Fyuzi akaanza kunyamaza, na waliomjua walisogeza magari yao kando. Ijumaa asubuhi alisema atang'oa dashibodi nzima na kufuata waya mmoja mmoja, na kazi hiyo haiwezi kwisha kesho wala keshokutwa.

"Kesho ni Jumamosi," alisema Mama Hamahama.

"Umeme haujui Jumamosi, mama yangu."

Kabla ya kung'oa alitaka kupima mara ya mwisho, safari hii taa za nyuma. Mama akashika kibanio, kama siku zote. Siku zote alikibana kwenye betri, mbele. Leo walikuwa nyuma, na waya haukufika. Akakibana kwenye ncha ya waya iliyofungwa kwa bolti kwenye chasisi, pale pale karibu. Fyuzi akagusa kwa ncha kali. Balbu haikuwaka.

"Hakuna moto huku pia," Fyuzi alisema, akainuka, akaenda mbele kuanza kufungua skrubu za dashibodi.

Mama Hamahama alibaki amechuchumaa na kitaa mkononi. Macho yake yaliangukia kwenye ndoano ya nyuma, ambapo kamba ya lori la mchanga ilikuwa imesugua rangi mpaka chuma kikaonekana, cheupe, kipana kama kidole. Bila kufikiri sana akahamishia kibanio pale. Akagusa mwenyewe kwa ile ncha. Balbu ikawaka, kali, mpaka akafumba jicho.

Akarudisha kwenye bolti. Giza. Akarudisha kwenye ndoano. Mwanga.

Alikaa chini kabisa, matako kwenye udongo wenye mafuta. Aliitazama bolti ile nzuri, nyeusi, inayong'aa, iliyokazwa na mtu mwenye mkono. Hapakuwa na haja ya kufundishwa. Rangi haikukosea. Ilifanya kazi yake kama alivyoitaka marehemu: haikuruhusu kitu chochote kupita, hata umeme.

Kutoka mbele alisikia skrubu zikianguka kwenye kopo. Angeweza kunyamaza. Angeweza kumwita fundi na kumwambia, njoo uone jambo la ajabu, na kumwacha alaumu mafuriko, au mtu aliyekuwa na gari kabla yao. Swali la Fyuzi la siku ya kwanza lilikuwa linajulikana kiwanja kizima, na jibu lake pia. Fyuzi akifunga sanduku leo, kesho mwanawe ataingia na lori, na watu wengine watashika kitanda chake upande wa miguu na upande wa kichwa.

Akasimama, akaenda mbele.

"Fundi."

"Mm."

"Uliniuliza nani ameligusa gari hili."

"Ukasema hakuna."

"Nilisema hakuna fundi. Nimeligusa mimi."

Skrubu ziliacha kuanguka.

"Nilifungua bolti za nyaya kule chini. Nikapaka rangi chini yake, nikazirudisha."

"Ngapi?"

"Zote. Mimi sipaki nusu."

Fyuzi alitoka ndani ya gari taratibu. Aliinama, akachungulia uvungu kwa muda, akainuka. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa habari za msiba na kichekesho kwa wakati mmoja.

"Siku zote hizi," alisema, "tunasugua soketi kama tunasugua sufuria za watu, kumbe umeme umelala juu ya godoro la rangi. Mama, gari lako limekufa kwa urembo."

"Bora hivyo kuliko kufa kwa uchafu."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza. Nami sikujihesabu."

Akafunga sanduku la vifaa. Kufuli lake dogo lilisikika kiwanja kizima. Akaenda kuketi kwenye benchi, akawapa wote mgongo.

"Kanuni yako naijua," Mama Hamahama alimwambia ule mgongo. "Umefunga, ni haki yako. Lakini spana hii iko mkononi mwangu, na sijamaliza nayo."

Akalala chali, akajisukuma kwa visigino mpaka akaingia chini ya gari lake.

Bolti ya kwanza ilikataa. Alikuwa ameikaza mwenyewe na sasa ilimbidi ashindane na mkono wake wa juzi. Ilipofunguka, rangi ilikatika kwa mlio mdogo, mkavu. Akakwangua kwa tupa. Magamba meusi yalimwangukia shingoni na kwenye kope. Alikuwa anakwangua kopo la mwisho la mumewe, na alilijua hilo kwa kila mkwaruzo, na hakusimama. "Kutu ni mwizi, nimesikia," alisema kwa sauti ndogo, akisema na chuma, au na aliyemwachia kopo. "Hapa sasa nitapaangalia kila siku. Paache pawe wazi." Hakukwangua pote. Kila penye bolti alifungua duara dogo tu, lisilozidi kisoda cha chupa, mpaka chuma kikacheka. Kwingine kote rangi ilibaki ilivyo.

Alipokuwa kwenye bolti ya nne au ya tano, kitu kilisukumwa chini ya gari kwa ncha ya kiatu. Kipande cha msasa.

"Tupa inachimba," sauti ya Fyuzi ilisema kutoka juu. "Tumia huo. Na ukishakaza, paka grisi juu, maji yasipate pa kuingia."

"Nilidhani sanduku limefungwa."

"Limefungwa. Huo ulikuwa mfukoni."

Baadaye kidogo akaja mwenyewe, akalala upande wa pili, wakakutana katikati ya chasisi kama watu waliochimba kisima kutoka pande mbili. Jua lilikuwa bado liko juu ya mabati walipotoka. Mama Hamahama hakufuta uso. Aliingia, akazungusha ufunguo, na injini ikashika mara moja, bila kubembelezwa, kwa sauti yake ile ya zamani ya mtu mwenye mafua. Akakanyaga breki: waipa zililala, na nyuma taa nyekundu zikawaka. Akawasha taa kubwa: dashibodi haikufifia. Mchomeleaji alivua miwani yake. Akaweka kiashiria cha kulia, kikapepesa. Akaweka cha kushoto, kikapepesa vizuri, na honi ikalia.

Mama akazima kiashiria; honi ikakoma.

"Hiyo ni nyingine," Fyuzi alisema, akikuna shingo. "Waya umeyeyukia mwenzake ndani ya nguzo ya usukani. Lazima ning'oe usukani. Si kazi ya leo."

"Linatembea?"

"Linatembea."

"Linasimama?"

"Linasimama."

"Basi liache lilie. Wajue napita kona."

Jumamosi mwanawe alifika na lori la kukodi na wapakizi wake, akakuta mlango wa mama yake una kufuli. Mahali pa pikapu palikuwa patupu. Matofali tu, na doa la rangi nyeusi kwenye udongo. Mizani alikuwa ameketi kwenye kizingiti, chombo chake kati ya magoti.

"Ameuza?" kijana aliuliza.

"Angemuuzia nani kama si mimi? Nimekaa hapa tangu asubuhi. Jirani anasema amekwenda kumhamisha mshona viatu."

"Kwa gari gani?"

Mizani aliinua kidole. Kutoka juu ya mtelemko, mahali barabara inapojikunja kushuka bondeni, honi ililia. Ikanyamaza. Ikalia tena, karibu zaidi, kwenye kona nyingine ya kushoto. Wapakizi waliteremka kwenye lori ili waone. Katika kona ya mwisho ililia mbele ya macho yao, na pikapu ya buluu ikatokea, tupu, kandambili ikicheza kwenye kioo cha pembeni, ikaja ikasimama kando ya lori la kukodi bila kuzima injini. Taa za breki ziliwaka kama inavyotakiwa. Mama Hamahama alizitazama kwenye kioo, kisha akamtazama mwanawe.

"Umelala vizuri, mwanangu?"

"Nimelala, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Lori lako lirudi tupu, ndivyo tulivyopatana. Wewe usirudi nalo. Vitanda vya mshona viatu nimeshavipeleka, limebaki kabati. Limelowa, limekuwa zito kama mwenyewe, na mkewe ana mimba. Nataka mtu wa kushika upande wa pili."

Kijana alitazama wapakizi aliowaleta, akatazama mikono ya shati lake. Akaikunja mmoja mmoja, kwa uangalifu, mpaka juu ya kiwiko, kisha akawaambia waende.

"Na mimi?" aliuliza Mizani.

"Ahadi ni ahadi. Weka chombo chako nyuma, nikushushe kwako."

"Nitatembea, mama mkubwa," alisema Mizani, akaitupia mizani begani. Lakini kabla ya kuondoka aliligonga bodi la pikapu kwa kidole, kama alivyogonga friji za watu, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa.

Ndani ya gari kulikuwa bado na harufu ya ndoo. Kijana aliketi mahali ambapo mama yake alikuwa akiketi zamani, baba akiwa dereva, kati ya mlango na makopo ya rangi. Waliteremka kuelekea vyumba vya chini kabisa, ambako mstari wa tope ulikuwa unapita juu ya vichwa vya madirisha.

"Maji yatarudi, Mama," alisema, taratibu, si kwa kubishana.

"Yatarudi."

"Na wewe?"

"Nitakuwa nimeshahamisha wote wanaotaka kuhama. Halafu nitarudi nyumbani nikachote." Akaweka kiashiria cha kushoto. Honi ikajaza bonde zima, na mbuzi mmoja akakimbia barabarani.

"Hiyo honi ina nini?"

"Haina kitu," alisema. "Nilikwambia nitakupigia."